Mkono wa Mama Yako kwenye Kalenda

Mke mwenzangu Asumini,

Shikamoo yako ya jana niliisikia. Masikio yangu mazima. Sikuiitikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akisema marahaba anakuwa ametoa neno bovu. Leo nakuitikia kwa maandishi: marahaba, mjukuu wangu. Haya, sasa kaa usome.

Najua umekwenda Makote kuwaaga watu wa babu yako kabla ya kwenda Masasi kuanza kazi ya studio, na utarudi umeshiba maneno: kula vizuri, usichelewe kazini, jihadhari na wanaume wa Masasi. Mimi hayo siyarudii. Ulitolewa unyagoni ukafundwa, na kama hukusikia wakati ule kwa ngoma, hutasikia leo kwa karatasi. Mimi nakuandikia jambo moja tu, ile picha uliyoniletea jana, na ile ahadi uliyoitoa juu yake.

Mwandiko wangu unaujua, unakwenda kama kuku aliyefungwa miguu. Kisomo changu ni cha watu wazima, ubao umetundikwa ghalani kwa ushirika, mama yako mgongoni ananivuta kilemba. Lakini kila herufi hapa ni yangu, na mbaya ni mbaya yangu.

Jana ulikuja na bahasha. "Bibi, fumba macho." Nikafumba, mjinga mimi. Nikafumbua nikamwona mama yako Zainabu, na kaburi lake nimelipalilia wiki iliyopita. Amesimama pembeni yangu, amevaa gauni zuri ambalo hajapata kulivaa. Chini ya miguu yetu umekaa wewe, mwanamke mzima mwenye nywele za saluni. Ukasema, "Nimemrudisha mama, Bibi. Kazi ya siku nne pale kwenye duka la fotokopi." Kabla sijapata pumzi ukaongeza: "Na yule bwana akija studio kule Masasi kutengenezewa mabango yake ya udiwani, ataniona. Nitamtia hina mpaka kwenye viwiko. Nitakulipizia."

Nikaigeuza picha kifudifudi mkekani nikakwambia ondoa takataka hii. Ukalia. Ukaenda kwa jirani kusema, "Bibi analetewa zawadi anatukana!" Nilisikia pia hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini nilitukana. Habari ya yule bwana wewe unaijua kwa vicheko vya watu. Umesikia nusu inayochekesha. Nusu nyingine niliimeza mwenyewe, na nimeimeza miaka hii yote kama mfupa.

Picha ya kweli ilipigwa siku uliyotolewa unyagoni. Alipita mpiga picha na pikipiki, mama yako akamwita. Mikono yake ilikuwa na hina mbichi bado, aliipaka kwa ajili yako. Akanishika mkono kunipa hongera, maana nilikuwa nimemlea yeye na sasa nimemfikisha na mwanawe. Alikuwa anacheka kwa sababu nilimwambia, "Acha kunivuta, kanga itadondoka mbele za watu." Ndipo picha ikapigwa. Wewe ulikuwa umekaa chini miguuni petu, umefunikwa kanga gubigubi kama anavyokaa mwali. Hukuona kitu.

Masika yale yale mama yako akafa. Nilibaki na picha moja ya Zainabu akicheka, ile tu.

Ndipo akaja Chande, yule wa studio ya Masasi iliyokwisha kufungwa. Alikuwa mtu wa maneno laini. "Mama Zainabu, picha inafifia hii. Kompyuta imeingia Masasi, nipe nikaisafishe, itarudi mpya kabisa." Nikampa kwa mkono wangu huu huu. Sikuuliza, kusafisha maana yake utatoa nini? Mimi ninayeuliza mpaka muuza chumvi chumvi yake ameitoa wapi, siku hiyo nilinyamaza, kwa sababu nilitaka mwanangu arudi mpya. Ukitaka jambo kwa uchu namna hiyo, mwizi hana haja ya kuvunja mlango. Unamfungulia mwenyewe na kiti unampa.

Miaka ile serikali ilishasema biashara ya korosho ni huru, na wanunuzi walikuja na malori kama siafu wameona mafuta. Wengine walikuwa watu. Huyu wa kwetu, na jina lake siliandiki, alikuwa na mizani yake. Gunia umelibeba mpaka shingo imezama mabegani, ukiliweka kwenye mizani yake limekuwa gunia la pamba. Na mwenye shida asiyeweza kungoja, bwana yule alinunua korosho zake kwa kangomba, bakuli kwa bakuli, hata mizani yenyewe hakuiona. Tukakaa kikao, wanaume na wanawake, tukaapa: hakuna atakayemuuzia hata punje mpaka alete mizani ipimwe mbele yetu. Kinywa cha wanawake nilikuwa mimi. Unanijua. Nilisema, "Atakayeuza, msiba wake tutauona kwa mbali."

Basi asubuhi moja namsalimu Mama Issa barazani kwake, kimya. Nampita mzee wa msikiti, anatazama mbuyu ambao haupo. Vijana wananipa shikamoo kama wanatema kokwa. Nikarudi kwa Mama Issa nikamwambia, "Una nini na mimi? Sema. Mimi si mkweo wa kunionea haya."

Akasema, "Mimi nina nini? Wewe ndiye mwenye nini. Umekula kiasi gani?"

"Nimekula nini?"

"Nenda dukani ukajitazame. Umependeza. Hata jino umeota!"

Nikaenda. Dukani ilining'inia kalenda mpya, ya bure, imetoka kwa yule mnunuzi. Zilishatundikwa kila mahali, hotelini, kwa kinyozi, mpaka zahanati. Na juu yake nimesimama mimi. Uso wangu laini kama yai, nembo zangu zimefutwa zote, zile nilizochanjwa nikiwa msichana na nikavumilia bila kulia mpaka aliyenichanja akanisifu. Jino la mbele ambalo sina tangu nilipomzaa mama yako, limerudi. Nacheka. Na aliyenishika mkono ni yule mnunuzi, shati jeupe, tumbo mbele. Chini ya miguu yetu, pale ulipokaa wewe na kanga yako, pana gunia la korosho.

Ndiyo, Asumini. Wewe ndiye lile gunia.

Mwenye duka akaniambia kwa huruma ya kinafiki, "Mama Zainabu, kama ulikubaliana naye, ungetuambia tu." Nikamwambia sijawahi kumgusa yule mtu. Akasema, "Lakini picha ipo." Na wote waliokuwepo wakasema, picha ipo. Maneno yangu ya miaka sitini na ushei yakashindwa na karatasi ya bure. Jioni ile ile watu wawili walimpelekea magunia. Walisema, kama hata yeye amekwenda, sisi tunangoja nini?

Niliing'oa ile kalenda. Mwenye duka hakuthubutu kunizuia. Nikakaa nayo nyumbani nikiitazama kama mtu anayetazama nyoka. Sikutazama uso wangu, uliniudhi. Nilitazama mkono. Chande alikata mtu akabandika mtu, lakini pale mikono ilipofumbatana alishindwa au alikuwa na haraka. Shati la mnunuzi liliishia kwenye kifundo, na baada ya kifundo kulikuwa na mkono mwembamba, una hina mbichi, na kwenye kidole cha shahada baka jeupe. Lile baka nalijua. Mama yako aliungua na mafuta ya ganda alipokuwa akibangua korosho, bado msichana, na mimi ndiye niliyempaka dawa.

Nililia siku hiyo. Halafu nikanawa uso nikatafuta kanga yangu nzuri.

Alipokuja na lori, watu wamejaa, wengine tayari na magunia, nilipenya mpaka mbele. Nikamwamkia vizuri, kwa adabu. Nikamwambia, "Bwana, hapa kwenye kalenda tumeshikana mikono mimi na wewe?"

"Naam, mama yangu! Sisi ni marafiki."

"Basi nyoosha mkono wako huo niushike tena, watu waone."

Akanyoosha, mpumbavu. Mkono mnene, kucha nyeupe, pete ya dhahabu. Nikainua kalenda. "Jamani tazameni. Bwana huyu anapaka hina? Amewahi kubangua korosho akaungua kidole? Mkono huu wa nani?"

Watu wakasogea kutazama. Halafu Mama Issa, yule yule, akapaza sauti: "Ni wa Zainabu! Wallahi ni wa marehemu Zainabu!" Nyuma kijana mmoja akaita, "Shikamoo Bwana Hina!" Na kicheko kikaanza, Asumini, kicheko ambacho mpaka leo nikikosa usingizi nakikumbuka kinanibembeleza. Dereva wake mwenyewe alicheka. Lori likaondoka tupu. Wale wawili wakaja kwangu kuomba radhi, nikawaacha wasimame juani kwanza.

Wewe habari yako inaishia hapa. Watu wote wanaishia hapa. Sasa sikia iliyobaki.

Malalamiko yetu yalifika ofisi ya wilaya Newala, tukapangiwa siku. Kalenda nilikuwa nayo, mashahidi ninao, mkono upo. Ilitosha! Mtu mwenye akili angetulia. Lakini mimi sikutaka atolewe tu kwenye biashara, nilitaka aaibike mpaka mbwa wamkatae. Nikapanda gari mpaka Masasi kwa Chande. Nilivaa kaniki, nguo ya msiba. Nikamwambia, "Nipe picha ya mwanangu."

Akasema aliitupa, maana ilishaingia kwenye kompyuta. Nikamwambia, basi itoe humo. Akasema alipomaliza kuitengeneza aliihifadhi juu ya ile ya mwanzo, ya mwanzo imefutika. Hakuna tena, popote. Alisema kama mtu anayesema chai imekwisha.

Nikakaa mlangoni pake. Nikamwambia, "Nitalia hapa na kaniki yangu mpaka wateja wako wakukimbie, au unifanyie kazi." Wakaja bibi harusi na mashoga zake, wakaona kaniki, wakageuza. Chande akasema, "Kazi gani, Mama?"

Sote tulijua yule mnunuzi anaweka jiwe chini ya mizani. Mwenye shamba jirani aliwahi kumwona, lakini ni mwoga, hakutaka kusema. Nikamwambia Chande: nitengenezee picha, yule bwana ameinama, anasukuma jiwe chini ya mizani. Akasema, "Lakini hatuna picha hiyo." Nikamwambia, "Ni kweli alifanya. Wewe unaipiga tu kwa kuchelewa."

Soma tena maneno hayo. Ndiyo maneno yangu mabaya kuliko yote niliyowahi kusema, na nilijiona nina akili nyingi nilipoyasema.

Siku ya shauri nikaonyesha kwanza mkono. Bwana afisa akausogeza karibu na macho, akatikisa kichwa, nikaona amekasirika kwa ajili yetu. Ningekaa hapo. Lakini nikatoa na ile ya jiwe, nikaiweka mezani kwa kishindo. Yule mnunuzi akaitazama, akaanza kutabasamu. Akasema taratibu, "Mheshimiwa, naomba uiweke karibu na kalenda." Ikawekwa. Shati lile lile. Mkunjo ule ule begani. Kichwa kile kile kimeinamishwa tu kama cha kuku. Chande alikuwa na picha yake hiyo moja, akaitumia tena.

Afisa akavua miwani. "Bibi, hii umeitoa wapi?"

Nikavuta kanga usoni. Mimi, Asumini, kinywa cha wanawake.

"Basi kati yenu wawili nani anatengeneza picha?" Yule bwana akadakia, "Ni yeye mheshimiwa! Hata hiyo ya hina atakuwa ameitia mwenyewe, ili watu wanicheke." Afisa akazisukuma zote mbili pembeni, akasema ofisi haina muda na mambo ya michezo. Aliusukuma mkono wa mama yako pamoja na ule uchafu wangu, kwa kofi moja. Zainabu alikuwa shahidi wangu wa kweli, amekufa na bado alinitetea, nikamzika mara ya pili mwenyewe.

Msimu ule alinunua kwa mizani yake. Watu walimuuzia, wafanyeje? Hakuna aliyenilaumu usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Usidhani nakuandikia kwamba nimemsamehe. Sijamsamehe na sina mpango. Siku ya kiyama nitakuwa kwenye foleni nyuma yake namsukuma. Chande nilimtukana mpaka alipofunga studio. Wengine wanasema chuki inamla mwenye nayo, na mimi nimekula nayo miaka yote hii na nimenenepa. Kwa hiyo sikukataza kisasi. Nimekataza kisasi cha kijinga, kile nilichokifanya mimi, ambacho kilimpa adui yangu kuni za kuotea moto.

Sasa nirudi kwa mama yako uliyemleta jana. Umemtoa wapi uso ule? Nimeujua, ni wa picha ya kadi ya kliniki, siku alipokuwa na homa na wamemwambia asicheke. Ukaubandika kwenye mwili wa nani sijui. Mkono peke yake ndio wake, umeukata kwenye kalenda yangu. Nilipotazama, mjukuu wangu, kitu kibaya kilitokea: kwa muda kidogo nilimsahau anavyocheka. Ule uso wa homa ulikaa juu ya ule niliobaki nao kichwani, kama Chande alivyohifadhi juu ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana nikaigeuza. Sikuwa naitupa zawadi yako. Nilikuwa namwokoa mama yako asifutwe na mimi tena.

Kazi yako si haramu. Usinielewe hivyo. Picha imechanika pembeni, iunge. Ina madoa ya maji, yafute. Imepata giza, iongezee mwanga mtu aonekane. Bibi harusi ana chunusi ya jana, itoe, kesho haitakuwepo. Lakini ukifika pahali unataka kumtia mtu ambaye hakuwepo, au kumtoa aliyekuwepo, ondoa mkono kwenye ile mashine ukanywe maji. Na nembo ya mtu usiiguse. Mtu aliitolea damu. Na ile ya mwanzo, hata kama ni mbaya, hata kama tajiri anasema inajaza nafasi, iweke pembeni salama. Hilo ndilo ombi langu moja la kufundisha, mengine utayajua kwa macho yako, una macho mazuri, hilo silikatai. Ule mshono wa pale nilipokatwa begani sikuuona kabisa. Chande hakufikia hapo.

Haya, na yule bwana.

Nimesikia anagombea. Nimesikia mabango yatatengenezwa hapo hapo unapokwenda, na wewe ndiye utakayekaa kwenye kompyuta. Hakutambui, kwake wewe ulikuwa gunia. Atakuja na manukato yake, atakuita "binti yangu". Usimtie hina. Usimtie pembe wala jiwe. Ukimtia kitu, kesho atasimama jukwaani aseme, "Mnaona wanavyonichafua?" na watu watamwonea huruma. Nimeshamwona akihurumiwa, sitaki kuona tena.

Mweke kama alivyo. Atakwambia, "Binti yangu, niondolee haya makunyanzi." Mwambie kwa adabu, bosi, sura yako ndiyo watu wanayoijua. Atakwambia nywele zitiwe weusi. Mwambie hivyo hivyo. Halafu, na hapa unisikilize sana, atakuomba umwekee watu nyuma. Umati. Akina mama wanashangilia, wazee wanapunga mikono. Atakuwa na picha za watu hao mfukoni, amezitoa harusini na misibani, zimeazimwa kwa maneno laini ili zikasafishwe. Hapo usikubali. Hata bosi wako akifoka. Waambie wote wawili: leteni picha waliyopigwa pamoja, nitaiweka. Haipo. Mimi nakaa hapa, najua haipo.

Najua ninalokuomba. Wanaweza kukufukuza siku hiyo hiyo, na hiyo kazi umeitafuta mwaka mzima. Wakikufukuza, njoo. Nitakuitikia shikamoo kabla hujamaliza kuitamka. Lakini usije huku kazi unayo na nyuma ya yule mtu umesimamisha umati.

Radhi yangu unayo. Nimekutilia kanga mbili kwenye begi, na ile picha yako nimeirudisha kwenye bahasha, ichukue, ni kazi yako. Usinitundikie ukutani tu.

Bango likitoka niletee habari. Nitapanda gari nishuke Masasi mwenyewe na magoti haya haya, nikasimame mbele yake stendi mchana kweupe. Nataka nimwone amezeeka. Nataka nimwone amesimama peke yake.

Ni mimi bibi yako,
Mama Zainabu, Newala.